B Mbili, Barabara ya Kumi

Darasa liko juu ya duka la vipuri vya baiskeli,
kwa hiyo der, die, das tumezimeza
pamoja na harufu ya mpira na gundi ya viraka.
Mwalimu Shemhilu, fundi mstaafu wa injini za reli,
alisomea Dresden enzi zile nchi yao ilikuwa mbili.
Vijana wanasema Kijerumani chake
bado kimevaa bugaluu.

A moja niliipita kama mtu aendaye sokoni:
jina langu, umri wangu, nyanya kilo mbili.
B moja niliipita nikihema.
B mbili ni ugali uliokwisha kaza,
huusongi, unakusonga.
Hapa hawaniulizi tena naishi wapi.
Wanataka maoni yangu kuhusu takataka za plastiki,
faida, hasara, dakika nne, haya, anza.
Maoni yangu!
Huku Makorora nani aliwahi kuyataka?

Mwanahawa akacheka: meza dume, msichana hana jinsia.
Mwalimu hakucheka.
"Nanyi je? Kiti, kifo, kikohozi, Kijerumani,
vyote mmevitia ngeli moja
na hakuna aliyelalamika."

Wenyewe walipoondoka, zamani hizo,
walituachia mkonge, reli, kuta nene za Bombo,
na maneno mawili yaliyosahaulika midomoni mwetu:
shule, na hela.
Nimeyaokota yote mawili.
Naenda shule, natafuta hela.

Mara ya kwanza nilipata hamsini na nane.
Kupita ni sitini.
Alama mbili ni nini?
Ni sukari inayobaki kijikoni.
Kuzungumza ndiko kulikoniangusha.
Kitenzi nilikibeba sentensi nzima,
weil, dass, obwohl,
kama aliyepanda ngazi zote na ndoo kichwani,
ikammwagikia mlangoni.
Ningalikumbuka. Ningalisema. Hätte, wäre.
Hizi nge na ngali nilizaliwa nazo,
sikuhitaji kuzinunulia kitabu.

Zamu ya usiku, wodini,
napima presha huku midomo ikicheza: Blutdruck.
Nageuza mgonjwa, natandika shuka upya,
natafuta kiambishi chake.
Bwana wa kitanda cha saba, mtu wa Pangani,
akafumbua jicho moja:
"Sista, hiyo dua unamsomea nani?
Kama ni mimi, sema kwa sauti."

Jana mama alipiga simu kutoka Muheza.
Hakuuliza visa, hakuuliza mshahara.
"Utarudi?"
Neno moja.
Mimi, na kesho, na njia, na mlango wa nyumbani,
vyote vimekaa humo
kama vipande vya chungwa ndani ya ganda lake.
"Nitarudi," nikasema. Salio likaisha.

Nikabaki na simu mkononi,
nikaijaribu kwa lugha ya mtihani:
Ich komme,
kisha foleni, Desemba ya mwakani,
likizo ikikubaliwa, tiketi ikishuka bei,
kisha kule mwisho, peke yake, kama mtoto
aliyesahauliwa kituoni: zurück.
Ndivyo tulivyofundishwa. Kitenzi hiki hutengana.
Kichwa hutangulia, mkia hubaki,
na jambo halijasemwa mpaka mkia ufike.
Asikilizaye hana budi kungoja.

Mama hajazoea kungoja kitenzi.

Leo nimeiandika ubaoni, yote, mstari mzima.
Chini fundi anajaza tairi upepo, pampu inakoroma.
Mwalimu ameisoma mara mbili,
akaifuata kwa chaki mpaka ukingo wa ubao,
akaizungushia duara zurück.
"Sahihi," akasema. "Ila ndefu mno.
Jumamosi hawatakusubiri. Punguza kitu."

Nimesimama na kifutio.
Sijui nifute Desemba,
au likizo,
au tiketi.